Matundu ya Nyuma ya Mashine: Historia ya Sauti Yetu



Katika kijitabu hiki mtasoma habari za waanzilishi wa kwaya, za safari zetu na za nyimbo tulizoimba katika miaka hii hamsini. Sisi tunaokaa kando karibu na mlango wa vestri, tukiangalia mitambo, tuliombwa na kamati ya jubilei tuandike kurasa chache kuhusu kazi yetu. Tungeweza kuandika juu ya spika, maana ndizo zinazoonekana. Lakini tumechagua kitu ambacho washirika wengi hawajawahi kukitazama: matundu yaliyo nyuma ya mashine, yale yanayochomekwa nyaya. Tumeyachagua kwa sababu ya kaseti moja.

Kaseti hiyo ndiyo rekodi pekee tuliyo nayo ya mwalimu wetu wa kwanza akiimba pamoja na kwaya yake. Ilirekodiwa hapa kanisani katika ibada ya shukrani ya mavuno, na kwa miaka mingi ilikaa ndani ya bahasha kwenye kabati la kwaya. Tulipoanza maandalizi ya jubilei tulitafuta redio kaseti ambayo bado inafanya kazi, tukaketi watu sita chumbani, tukaisikiliza. Akina mama walisikika vizuri, soprano na alto, kila neno. Upande wa wanaume ulikuwa karibu kimya. Si kwamba hawakuimba. Waliokuwapo siku hiyo na bado tunao wanakumbuka kwamba waliimba kwa nguvu zao zote. Kilichotokea ni kwamba plagi moja ndogo nyekundu ilikuwa imechomoka kutoka tundu lake, na hakuna aliyetambua.

Mwalimu wetu alikuwa akiimba besi.

Tangu siku hiyo ya kusikiliza kaseti, hatuwezi tena kusema kwamba matundu ni mambo ya mafundi tu. Basi tuwasimulie yalikotoka, na yalivyotufikia sisi.

Kabla ya waya

Kwaya ilipoanza hapakuwa na mashine yoyote. Mwalimu alikuwa na filimbi ndogo ya kupatia noti, ubao na chaki. Tuliimba kwa solfa, kama kwaya nyingi za Kenya zinavyoimba hadi leo. Wengine wetu tulidhani solfa ilikuwako tangu zamani za kale. Kumbe chanzo chake ni kazi ya mwalimu mmoja wa kike wa Norwich kule Uingereza, Sarah Glover, na aliyeipanga na kuieneza ni mchungaji John Curwen, katika karne ya 19.

Nguvu ya solfa ni makubaliano. Watu wakishakubaliana do iko wapi, mtu ambaye hajasoma muziki hata siku moja anaweza kusimama kando ya jirani yake wakaimba sauti nne. Wasipokubaliana, hata waimbaji hodari watatoa kelele tu.

Historia ya matundu ni hadithi hiyo hiyo. Kila tundu nyuma ya mashine ni makubaliano ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana: tundu liwe na upana gani, pini ipi ibebe nini, umeme upite kwa nguvu kiasi gani. Makubaliano yakishikwa, sauti hupita. Yakivunjwa, unasikia ukimya, mlio, au harufu ya kitu kinachoungua. Sisi tumeyapitia yote matatu.

Jeki, urithi wa simu

Mashine yetu ya kwanza ilikuwa amplifaya moja, spika moja na maiki moja. Maiki ile ilikuwa na plagi nene yenye ncha, ambayo kila mpiga gitaa anaijua: jeki. Unene wake ni milimita 6.35, yaani robo inchi. Jeki haikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Ilitengenezwa kwa ajili ya simu.

Tarehe 28 Januari 1878, kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa katika mji wa New Haven, Marekani. Zamani hizo mtu hakuweza kupiga namba mwenyewe. Alizungumza na mhudumu aliyeketi mbele ya ubao wenye matundu mengi, kila tundu likiwa la mteja mmoja, na mhudumu alichukua waya akaunganisha tundu moja na jingine. Mhandisi Charles Scribner wa Chicago ni miongoni mwa waliobuni vifaa vya mwanzo vya kazi hiyo. Kwa Kiingereza kifaa hicho kilipewa jina la kisu cha kukunja cha mfukoni, kwa sababu cha kwanza kilifanana na kisu hicho. Jina likafupishwa, nasi tukalipokea: jeki.

Wahudumu wa kwanza walikuwa vijana wa kiume, nao walijulikana kwa utukutu na maneno makali kwa wateja. Tarehe 1 Septemba 1878, huko Boston, Emma Nutt alianza kazi akiwa mwanamke wa kwanza kuunganisha simu, na baada yake kazi hiyo ikawa ya wanawake kwa vizazi kadhaa. Tunaomba mlikumbuke jina hilo, tutalirudia.

Jeki ilibidi iwe imara, maana ilichomekwa na kuchomolewa mara nyingi mno kila siku. Ndiyo sababu haijafa hadi leo. Iko kwenye gitaa, kwenye kinanda chetu cha umeme, na kwenye zile hedifoni kubwa za studio. Vijana wanaotaka kujifunza tunawaambia hivi: hesabu mistari myeusi karibu na ncha. Mstari mmoja maana yake plagi ina njia mbili, ile inayobeba sauti na ile ya kurudia. Mistari miwili maana yake ina njia tatu, na inaweza kubeba sauti mbili tofauti, au sauti moja kwa namna iliyo salama zaidi. Ukichanganya hizo mbili, kanisa litasikia nusu tu ya ulichokusudia.

Nyeupe na nyekundu

Kaseti yetu ilirekodiwa kupitia matundu ya aina nyingine. Ni yale madogo ya duara, moja jeupe na jingine jekundu, yanayoitwa RCA. Jina hilo ni herufi za kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America, iliyoyaanzisha miaka ya 1930 ili mtu aweze kuunganisha mashine ya sahani za santuri na redio yake nyumbani. Plagi zake ni rahisi na za bei nafuu, nazo zilienea dunia nzima. Jeupe ni la upande wa kushoto, jekundu ni la kulia.

Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya sebuleni. Hazina kufuli. Hushikiliwa na mbano wa bati peke yake, na bati likilegea, mguu wa mtoto ukigusa waya, plagi hutoka bila sauti.

Siku ile ya mavuno tulikuwa na maiki mbili mbele ya kwaya. Ya akina mama ilipelekwa kushoto, ya wanaume kulia. Waya mweupe ulibaki mahali pake. Mwekundu ulitoka. Spika za kanisani ziliendelea kutoa sauti zote, kwa kuwa zilitegemea matundu mengine, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Aliyekuwa kwenye mashine hakuwa na hedifoni ya kusikiliza kile kaseti ilichokuwa ikipokea. Hatumlaumu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, hakuwa amefundishwa na mtu yeyote, na ibada nzima alisimama peke yake. Leo ni mzee wa kanisa, na ametupa ruhusa ya kuyaandika haya.

Mlio wa G

Tulipopata mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, tulipata pia mlio. Kila tulipowasha kinanda, spika ziliguna mmmm, mfululizo, hata wakati wa maombi. Mwalimu mmoja wa kwaya, mwenye sikio kali, alisema, "Hiyo ni G." Alikuwa karibu sana na ukweli. Stima ya Kenya hufanya mizunguko 50 kwa kila sekunde, na mtetemo wa 50 kwa sekunde unakaribiana na noti ya G iliyo chini sana, chini ya mahali besi wetu wanapofika. Tulikuwa tunaisikiliza stima yenyewe.

Chanzo kilikuwa hiki. Kinanda kilipata umeme kutoka soketi ya karibu na madhabahu, mikisa ikapata kutoka soketi ya vestri. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kwenda ardhini, na waya mrefu wa sauti uliokuwa kati yao ukafunga mduara. Umeme mdogo ukawa unazunguka humo, nao ndio tuliousikia.

Hapa tuseme jambo zito. Kuna mtu aliyetushauri tuondoe waya wa ardhi ndani ya plagi ya stima, ile pini ya juu iliyo kubwa kuliko nyingine. Mlio ulikoma kweli. Lakini waya huo uko pale kulinda uhai. Mashine ikipata hitilafu ndani, umeme ukafika kwenye bati lake au kwenye maiki, waya wa ardhi ndio unaouondoa. Bila huo, njia iliyobaki ni mwili wa anayeimba. Tulimshukuru Mungu kwamba fundi wa stima aliliona kabla ya mtu kuumia. Kama kuna kanisa lililofanya hivyo, tafadhali lirudishe waya huo kabla ya Jumapili ijayo.

Dawa ya kweli ilikuwa mambo mawili. Kwanza, kinanda na mikisa kuchukua stima kutoka mahali pamoja. Pili, kisanduku kidogo cha DI, kinachopokea jeki ya kinanda upande mmoja na kutoa upande wa pili kupitia tundu la aina nyingine kabisa: XLR.

Pini tatu

XLR ni lile tundu la duara lenye pini tatu, ambalo maiki zetu zote sasa hutumia. Lilitoka katika kampuni ya Cannon, iliyoanzishwa na James Cannon mjini Los Angeles mwaka 1915. Walikuwa na plagi za mfululizo wa X, wakaongeza kufuli, kisha mpira wa kushikilia, na kila nyongeza ikapata herufi yake. Kuanzia miaka ya 1950 plagi hiyo ikaanza kuenea katika studio na vituo vya redio. Ina kufuli inayolia "tak". Mtoto akikanyaga waya, haitoki.

Ubora wake mkubwa uko katika zile pini tatu. Ya 1 ni ngao. Ya 2 na ya 3 zote hubeba wimbo ule ule, ila ya 3 huubeba ukiwa umepinduliwa: ya 2 ikipanda, ya 3 hushuka. Waya ukipita karibu na stima njiani, uchafu huingia pini zote mbili kwa namna moja. Ukifika mwisho wa safari, mashine inayopokea huchukua tofauti kati ya 2 na 3. Kile kilicho sawa katika zote mbili, yaani uchafu, hufutika. Kile kilicho kinyume, yaani wimbo, hubaki. Siri ya kutumia nyaya mbili badala ya moja nayo ilitoka kwenye simu. Alexander Graham Bell alipata hati ya haki ya ubunifu huo mwaka 1881.

Hata hivyo, kwa miaka mingi watengenezaji hawakuafikiana. Wengine waliweka wimbo ulio wima kwenye pini ya 2, wengine kwenye ya 3. Mashine mbili zisizokubaliana zikikutana, spika moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti za chini hupotea katikati ya kanisa. Chama cha wahandisi wa sauti, AES, kilitoa kanuni yake mwaka 1992: pini ya 2. Ni kama vile mwalimu anavyosema, "Do ni hii," na mabishano yakaisha.

Tundu hili hili hupeleka pia umeme kwenda kwa maiki. Zile maiki mbili nyembamba zinazoning'inia mbele ya kwaya haziwezi kufanya kazi bila volti 48. Mfumo huo ulianza mwaka 1966, wakati kampuni ya Neumann ya Berlin ilipokuwa ikiandaa maiki mpya kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway. Studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, basi hesabu hiyo ikachukuliwa, na dunia nzima ikaifuata. Sisi tulipozinunua maiki zetu tulizitangaza kuwa mbovu, tukazifunga tuzirudishe dukani. Msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akisoma kitabu cha maelezo akauliza, "Hiki kitufe cha 48V mmekibonyeza?" Hatukuwa tumekibonyeza.

Kijiko, kikombe na mto

Wengi wenu mnaikumbuka Ijumaa Kuu tulipoimba bila mitambo kuanzia wimbo wa pili. Sasa tunaweza kuwaeleza sababu.

Sauti husafiri ndani ya mashine kwa nguvu tofauti. Inayotoka kwenye maiki ni ndogo mno, sehemu chache tu za elfu moja za volti. Tuiite kijiko. Inayotoka kwenye mikisa kwenda mashine nyingine ni kikombe. Katika vifaa vya kazi kipimo cha kawaida ni volti 1.23 hivi, na katika vifaa vya nyumbani ni kama volti 0.3. Inayotoka kwenye amplifaya kwenda kwa spika ni mto, volti kumi kumi kadhaa.

Taabu yetu ilikuwa kwamba katika mashine zetu za zamani, kikombe na mto vyote vilipita kwenye jeki za umbo moja. Asubuhi ile, katika haraka ya kupanga, mmoja wetu alichukua waya uliotoka kwenye tundu la spika la amplifaya akauchomeka kwenye tundu la kupokea la mikisa. Uliingia bila kukataa. Tukawasha. Wimbo wa kwanza ulipofika ubeti wa pili tulisikia harufu, kisha ukimya. Mikisa ile haikupona.

Watengenezaji nao walikuwa wameiona hatari hiyo. Mwaka 1987 kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein ilileta plagi ya Speakon, ambayo ni ya spika peke yake. Unaiingiza, unaizungusha, inajifunga, nayo haiingii kwenye tundu lolote la mikisa hata ukilazimisha. Baada ya Ijumaa Kuu ile washirika walichanga, na spika zetu zote zikabadilishwa zikawa za Speakon. Kwa hiyo mtu akichoka, au akiwa na haraka, kosa lile haliwezekani tena.

Mashine za kuchakata sauti

Kati ya mikisa na amplifaya kuna mashine nyembamba zilizopangwa kwenye kabati la chuma. Hizi hazipokei maiki wala hazisukumi spika. Kazi yake ni kuichakata sauti ikiwa njiani. Ekwalaiza hupunguza au kuongeza kimo fulani tu cha sauti, na ndiyo iliyomaliza ule ukelele wa spika uliokuwa ukimkatiza mchungaji. Kompresa huishika sauti inapopanda ghafla na kuishusha, ili mnong'ono na kilio vyote vifike nyuma vikisikika.

Nyuma ya kila moja kuna matundu yaliyoandikwa kuingia na kutoka, na sheria ni moja: kutoka huenda kwenye kuingia, kila mara. Ekwalaiza ya kanisa zima inakaa mwishoni, baada ya mikisa na kabla ya amplifaya. Kompresa ya maiki moja huunganishwa kwa namna nyingine, kupitia tundu la mikisa linaloitwa insati. Hilo ni tundu moja la jeki yenye mistari miwili: kwa kawaida ncha hupeleka sauti nje kwenda kwa kompresa, na pete ya katikati huirudisha. Waya wake una kichwa kimoja upande wa mikisa na vichwa viwili upande wa kompresa. Tuliunganisha vichwa hivyo kinyume kwa majuma mawili, tukashangaa mbona maiki ya msomaji haitoi sauti.

Tulipovigeuza, Jumapili ile nyanya mmoja anayeketi benchi la nyuma kabisa alitufuata nje. Alituambia kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiijua sauti ya kwaya, ila siku hiyo ndiyo ameyasikia maneno. Hatujapata shukrani kubwa kuliko hiyo.

Tundu lisilobeba sauti

Nyuma ya kinanda kuna tundu la duara lenye matundu madogo matano, linaloitwa MIDI. Halibebi sauti hata kidogo. Hubeba habari: noti gani imeguswa, kwa nguvu gani, imeachiliwa lini. Ni kama karatasi ya solfa, ambayo yenyewe iko kimya, na mwenye kuisoma ndiye anayeimba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ya vinanda ilikuwa na lugha yake. Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani na Dave Smith wa Sequential Circuits ya Marekani walikuwa washindani sokoni, lakini waliongoza juhudi za kupata lugha moja. Januari 1983 vinanda vya kampuni hizo mbili viliunganishwa kwa waya mbele ya watu katika maonyesho ya vyombo vya muziki, na kimoja kikaitika kwa kingine. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya ufundi ya Grammy kwa kazi hiyo.

Waya mmoja kwa wote

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo washirika wamelijadili tangu mwaka uliopita: mikisa ya kidijitali itakayonunuliwa kwa sadaka ya jubilei. Ndani yake ekwalaiza na kompresa tayari zimo, moja kwa kila maiki. Kabati letu la chuma litakuwa karibu tupu. Badala ya fungu la nyaya nene kutoka madhabahuni, kutakuwa na sanduku moja karibu na kwaya na waya mmoja mwembamba kama wa intaneti, wenye kubeba makumi ya sauti kwa wakati mmoja. Mfumo huo wa mawasiliano unaitwa Ethernet, ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake, na waya wake wa shaba unaweza kwenda hadi mita 100. Plagi yake ya plastiki yenye kilimi ni ya ukoo wa plagi za simu. Tulianza na simu, na simu imetupata tena.

Wazee wametuuliza swali la haki: zamani waya mmoja ukikatika tulipoteza maiki moja, huu mmoja ukikatika, si tutapoteza kwaya nzima? Ndiyo, tutapoteza. Hatutawaficha. Kwa hiyo katika bajeti mtaona tumeomba nyaya mbili, wa pili ukiwa umelazwa tayari kwa njia nyingine. Tumeomba pia kwamba mikisa ya zamani isiuzwe, bali iwekwe vestri, ikiwa imefungwa na kufunikwa.

Tumeomba na jambo la tatu, lisilohitaji fedha nyingi. Kijana yule wa kaseti hakukosa akili wala bidii. Alikosa mtu wa kumfundisha, na alikosa mwenzake. Basi tumeandika daftari lenye picha ya kila tundu, jina lake, na kinachoingia humo. Kila waya umefungwa karatasi yenye jina pande zote mbili. Tunatafuta vijana wanne wa kujifunza, na tunasema wazi kwamba tunawataka wasichana pia. Kazi hii ya kuunganisha nyaya ilikuwa mikononi mwa wanawake tangu siku za Emma Nutt, na aliyeziokoa maiki zetu alikuwa msichana. Asiachwe mtu peke yake kwenye mashine tena. Mmoja aendeshe, mwingine avae hedifoni.

Mtakachosikia leo

Mchana huu, baada ya hotuba, tutaicheza kaseti ile. Kuna aliyependekeza tuipeleke kwa mtaalamu aisafishe. Tulikataa baada ya kuisikiliza mara ya tatu, kwa sababu nyuma ya sauti za akina mama, mbali, kuna mwanamume mmoja anayesikika. Maiki ya akina mama ilimpata kidogo, maana mwalimu alikuwa akisimama katikati. Waliomjua wanasema ni yeye. Kuisafisha kungeweza kumfuta.

Upande wa wanaume hauwezi kurudishwa kutoka kwenye utepe. Lakini karatasi ya solfa ya wimbo ule ipo, kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe. Tenori na besi wa leo wameufanyia mazoezi mwezi mzima. Kaseti itakapoanza watasimama na kuimba pale palipobaki wazi, pamoja na mama zao na nyanya zao walioko ndani ya kaseti.

Na rekodi itachukuliwa. Plagi zote mbili tumezikagua, na zitakaguliwa tena kabla ya sala ya kufungua.



Wenu katika huduma,
Sisi wa mitambo